Fomu ya feloshipu mnayoitafuta haipo

Mhariri,

Matangazo ya ufadhili wa masomo ya juu yanayotoka gazetini, na yale yanayozunguka kwenye simu za vijana, yana neno moja linalopotosha kuliko mengine yote: "omba". Msomaji akishaliona huanza kutafuta fomu. Anaingia kwenye tovuti ya chuo, anabofya huku na kule, haioni. Anaiandikia ofisi ya udahili kuuliza, na jibu linapofika dirisha limeshafungwa. Fomu hiyo haikuwahi kuwapo. Feloshipu, yaani fedha za kusomea zisizodai kazi, ambazo vyuo vikuu huwapa wanafunzi wapya wa uzamili na uzamivu, nyingi haziombwi, mtu hupendekezwa. Anayependekeza ni idara, na kinachosomwa ni faili lile lile la kuomba nafasi ya masomo. Kwa hiyo anayesema "ngoja nipate nafasi kwanza, ufadhili nitautafuta baadaye" ameshaukosa, na hakuna atakayemwambia.

Tunaomba nafasi tueleze mambo haya yanavyokwenda, hasa Marekani ambako feloshipu za aina hii ni nyingi zaidi, na wapi waombaji hodari hujikwaa.

Masomo yanayoanza Agosti au Septemba huandaliwa karibu mwaka mzima kabla. Madirisha hufunguliwa kuanzia Septemba, na idara nyingi hufunga kati ya mwanzo wa Desemba na katikati ya Januari. Januari walimu wa idara husoma mafaili na kuwapanga waombaji kwa ubora. Kisha huchukua wachache wa juu kabisa, wawili au watatu, kwa kadiri ya mgao wao, na kupeleka majina kwenye ofisi kuu ya masomo ya juu ya chuo, kila jina likiwa na barua ya idara inayoeleza kwa nini huyu na si mwingine. Kamati ya chuo kizima hukaa karibu na Februari, na barua huanza kutoka mwishoni mwa mwezi huo na Machi. Muda wote huo mwombaji hana habari kwamba jina lake liko mezani.

Ndiyo maana idara nyingine huweka tarehe mbili. Ya kwanza ni ya wanaotaka kufikiriwa kwa ufadhili, ya pili ni ya mwisho kwa kila mtu. Matangazo hunakili ya pili, maana ndiyo iliyoandikwa "mwisho". Mwenye kutuma ombi siku hiyo anaweza kabisa kupata nafasi ya kusoma, tena kwa sifa, na barua yake ikaja haina senti.

Oxford, Cambridge na Stanford zinaonyesha vizuri jinsi utaratibu unavyotofautiana. Clarendon, ufadhili wa Oxford ulioanza 2001, haina fomu: kila aliyeomba kozi inayostahiki kabla ya tarehe ya Desemba au Januari ya kozi hiyo huingizwa kwenye mchujo bila kufanya kitu kingine. Kozi ikibakiwa na nafasi na kuendelea kupokea watu baadaye, hao wanaingia darasani, lakini Clarendon imeshawapita. Gates Cambridge, iliyoanzishwa mwaka 2000 kwa dola milioni 210 za mfuko wa Bill na Melinda Gates, ni ya raia wa nchi zote isipokuwa Uingereza, na imo ndani ya fomu ya kawaida ya kuomba Cambridge. Ila kuna sehemu yake maalumu ya kujaza, na barua yake ya mdhamini, yaani mwalimu au mtu mwingine anayekufahamu kikazi na kukushuhudia, si mtoa fedha. Asiyeijaza sehemu hiyo hakuomba, hata faili lake likiwa bora kuliko yote. Knight-Hennessy ya Stanford, ambayo kundi lake la kwanza liliingia 2018, ndiyo yenye fomu yake kabisa. Dirisha lake hufungwa Oktoba, wiki kadhaa kabla ya idara nyingi za chuo hicho hicho, na bado ni lazima uombe idara pia, kwa kuwa kamati mbili zisizotegemeana zinatakiwa zikukubali. Tangazo linaloziweka hizi tatu kwenye orodha moja chini ya kichwa "ufadhili wa asilimia mia, omba sasa" limemsaidia nani?

Halafu kuna suala la ngazi ya shahada, ambalo matangazo hulipita kimya. Sehemu kubwa ya pesa hizi ni ya uzamivu. Mwanafunzi wa uzamivu atakaa miaka mitano au zaidi, atafundisha wanafunzi wa shahada ya kwanza, atafanya utafiti ambao jina la chuo litakuwa juu yake. Chuo kinajua kinanunua nini. Mwanafunzi wa uzamili wa miaka miwili, katika vyuo vingi, ndiye anayeleta ada. Na Marekani, tofauti na sehemu kubwa ya Ulaya, mwenye shahada ya kwanza nzuri anaweza kuingia uzamivu moja kwa moja, na programu nyingi humpa uzamili akiwa njiani. Wapo vijana wanaohangaika miaka mitatu kutafuta ufadhili wa uzamili Marekani kwa kudhani ni lazima wapande ngazi moja moja, ilhali mlango ulio wazi zaidi ni ule wa juu. Anayetaka uzamili pekee atapata nafuu zaidi kwenye mipango isiyo ya chuo kimoja, kama Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya, ambayo hulipa euro 1,400 kwa mwezi kwa muda usiozidi miezi 24.

Sasa faili lenyewe. Hapa ndipo watu hupotelea, na mara nyingi si kwa uwezo mdogo.

Tuanze na transkripti, karatasi rasmi ya matokeo yako ya chuo. Katika mifumo mingi iliyorithi desturi ya Uingereza, alama 70 ni A. Msomaji wa Marekani amezoea A inayoanzia 90, na 70 kwake ni C. Maelezo ya madaraja yapo, yamechapwa upande wa nyuma wa karatasi kwa herufi ndogo, lakini waombaji huskani upande wa mbele tu kwa sababu nyuma "hakuna matokeo". Matokeo yake mwanafunzi wa pili katika darasa la watu 140 anaonekana mtu wa wastani. Skani pande zote mbili, ziwe faili moja, zisomeke. Usijibadilishie alama kuwa GPA, yaani wastani wa alama kwa kipimo cha Marekani cha 4.0, kwa hesabu uliyoiokota mtandaoni, isipokuwa fomu imekutaka. Andika alama kama zilivyo na utaje kipimo, mfano "4.3 kati ya 5.0". Na mdhamini mmoja aandike ulikuwa wa ngapi kati ya wangapi. Sentensi hiyo moja humtoa msomaji gizani kuliko ukurasa mzima wa sifa.

Barua za wadhamini kwa kawaida ni tatu, na ndizo huchelewesha mafaili mengi kuliko kitu kingine. Huzipakii wewe. Mfumo wa chuo humtumia mdhamini kiungo kwa baruapepe, naye hupakia mwenyewe. Kuna mitego miwili. Kwanza, kiungo hutumbukia kwenye folda ya taka, mdhamini anasema hajapata kitu, mwombaji anadhani imeshakwenda. Pili, na huu ndio mbaya zaidi, baadhi ya mifumo haitumi kiungo mpaka mwombaji awe amebonyeza kitufe cha mwisho cha kuwasilisha. Aliyewasilisha saa tano usiku wa siku ya mwisho amewapa wadhamini wake saa moja. Jaza majina ya wadhamini siku ile ile unayofungua akaunti, kisha angalia ukurasa wa hali ya ombi: utaonyesha barua ipi imepokelewa. Anwani ya baruapepe ya mdhamini iwe ya chuo au taasisi yake, maana anwani za bure huzua maswali na wakati mwingine hukataliwa.

Mdhamini apewe wiki sita, na asipewe mikono mitupu. Mpe wasifu wako, rasimu ya insha, orodha ya programu na tarehe zake kwa mpangilio, na nusu ukurasa wa kumkumbusha: ulisoma naye somo gani, mwaka gani, ulipata nini, mradi ulihusu nini, kipi kilikwama na ulikitatua vipi. Mwalimu mwenye wanafunzi mia mbili hakumbuki. Asipokumbushwa ataandika "ni mtiifu, mchapakazi na anashirikiana vizuri na wenzake", barua ambayo ingemfaa mlinzi wa geti sawasawa na mtafiti. Kwenye fomu za Marekani kuna pia swali la kuachia haki ya kuzisoma barua hizo, haki inayotokana na sheria ya faragha ya elimu ya 1974. Wengi hukataa kuiachia wakidhani wanajilinda. Iachie: barua ambayo mwombaji anaweza kuifungua baadaye husomwa kwa mashaka.

Insha ya malengo husomwa mara mbili na watu wasiofanana. Mara ya kwanza ni walimu wa idara, wanaojua fani. Mara ya pili, jina likipelekwa mbele, ni kamati ya chuo ambako mtaalamu wa kemia anaweza kukabidhiwa faili la mwanaisimu, na mwanahistoria la mhandisi. Aya ya kwanza iwe inaeleweka na huyo wa pili bila kumchosha wa kwanza. Tazama mianzo miwili. Huu ndio wa kawaida: "Tangu utotoni nimekuwa na shauku kubwa ya sayansi ya maji, na naamini chuo chenu mashuhuri kitanisaidia kutimiza ndoto zangu." Hausemi kitu, badilisha neno "maji" uweke "benki" na bado unasimama. Huu mwingine: "Kisima kifupi kilicho jirani na choo cha shimo hupokea naitreti, lakini kiasi chake hupanda na kushuka kati ya masika na kiangazi. Anayepima mara moja tu kwa mwaka anaweza kukipitisha kisima kisichofaa. Nataka kujua kosa hilo ni kubwa kiasi gani." Mwanahistoria ameelewa, na mtaalamu wa maji ameshaanza kufikiria angepimaje.

Baada ya hapo eleza ulichokwisha kufanya, kwa tarakimu: sampuli ngapi, miezi mingapi, chombo gani, nini hakikufanya kazi. Kisha kwa nini idara hiyo. Taja walimu wawili au watatu na kazi zao zinavyogusana na swali lako, lakini hakikisha kwanza wapo bado na wanapokea wanafunzi. Kurasa za idara huchelewa kusahihishwa, na si ajabu kumkuta aliyestaafu bado anatabasamu pichani. Unapoomba vyuo vinane kwa insha moja, soma kila nakala kwa sauti kabla ya kuipakia. Jina la chuo kingine kubaki aya ya mwisho ni kosa dogo linalomaliza kila kitu.

Je, umwandikie profesa kabla ya kuomba? Inategemea. Katika fani za maabara, ambako mishahara ya wanafunzi hutoka kwenye ruzuku ya profesa, barua fupi ya mistari kumi inaweza kufungua njia. Katika fani ambako kamati ndiyo huamua, haidhuru wala haisaidii sana. Ukurasa wa udahili wa idara mara nyingi husema wanapendelea lipi.

Kuna visanduku viwili vidogo ndani ya fomu ambavyo hugharimu watu. Kimoja huuliza kama ungependa kufikiriwa kwa msaada wa fedha. Kisipowekwa alama, wengine hawakuiti mezani kabisa. Kingine huuliza masomo yako yatalipiwa na nani. Wapo wanaoandika "familia" wakidhani kuonekana na uwezo kutawarahisishia udahili, na chuo kinawaamini. Halafu mitihani ya lugha: TOEFL na IELTS huisha nguvu baada ya miaka miwili, na aliyesoma shahada ya kwanza kwa Kiingereza anaweza kusamehewa, ila msamaha huo kwa kawaida huombwa kwa maandishi kabla ya dirisha kufungwa. Vivyo hivyo ada ya kutuma ombi: ukiomba kusamehewa, omba kabla ya kulipa. Ikishalipwa hairudi.

Barua ikija, furaha isizuie kusoma. Ofa ya "ufadhili kamili" ni mafungu manne, na kila fungu linaweza kuwamo au kukosekana: ada ya masomo, michango ya lazima ambayo si ada, bima ya afya, na posho ya kujikimu. "Msamaha wa ada" hausemi chochote kuhusu michango. Na posho ina swali lake: ni ya miezi 9 au 12?

Chukua ofa mbili za mfano. Ya kwanza inatoa dola 30,000 kwa miezi 9, lakini michango ya dola 2,400 na bima ya dola 3,000 ni juu ya mwanafunzi. Ya pili inatoa 27,000 kwa miezi 12, na michango na bima vimelipwa. Ya kwanza inang'aa. Toa 5,400: inabaki 24,600, na ukigawa kwa miezi 12 ambayo tumbo linakula, ni 2,050 kwa mwezi. Ya pili ni 2,250. Iliyoonekana ndogo imezidi kwa dola 200 kila mwezi, na bado hatujatazama kodi ya nyumba katika miji hiyo miwili, ambayo inaweza kupindua hesabu yote upya.

Kisha kodi ya mapato. Marekani, sehemu ya ufadhili inayolipa ada, michango ya lazima na vitabu vya lazima haitozwi. Posho ya kujikimu hutozwa. Kwa mgeni mwenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi, ambaye kikodi bado si mkazi, hali ambayo kwa kawaida ni miaka mitano ya kwanza ya kalenda, chuo hukata asilimia 14 ya posho ya feloshipu kabla haijamfikia, isipokuwa nchi yake ina mkataba wa kodi na Marekani unaoigusa posho hiyo. Ile 27,000 hukatwa 3,780, inabaki 23,220, yaani 1,935 kwa mwezi. Hiyo si kodi ya mwisho, ni makato ya awali. Mwanafunzi hupewa fomu 1042-S, inayoonyesha malipo na makato, kabla ya kupita 15 Machi ya mwaka unaofuata, anajaza 1040-NR, ripoti ya kodi ya asiye mkazi, na hapo hujulikana kama anarudishiwa au anadaiwa. Mwenye feloshipu tupu, isiyo na kazi ndani yake, hapati namba ya hifadhi ya jamii, kwa kuwa namba hiyo hutaka ajira. Yeye huomba ITIN, namba ya mlipakodi, kwa fomu W-7, na asiingoje Aprili, maana bila namba hawezi hata kudai huo mkataba. Mshahara wa usaidizi wa kufundisha au wa utafiti huenda njia nyingine: hukatwa kama mshahara na kuripotiwa kwenye fomu ya mishahara, W-2.

Tofauti hiyo ya feloshipu na usaidizi ndiyo roho ya barua. Feloshipu ni pesa ya kusoma. Usaidizi ni kazi, kwa kawaida hadi saa 20 kwa wiki, ambazo ndizo pia kikomo cha kazi ndani ya chuo kwa mwenye F-1 wakati wa muhula. Ofa nyingi za uzamivu ni mchanganyiko: mwaka wa kwanza feloshipu, miaka ya kati usaidizi, pengine feloshipu tena mwaka wa kuandika tasnifu. Hakuna ubaya. Ubaya uko kwenye ofa inayotaja mwaka wa kwanza kwa tarakimu nono na kuifunika iliyobaki kwa maneno "kwa kadiri fedha zitakavyopatikana". Uliza kwa baruapepe, si kwa simu: katika wanafunzi walioingia miaka mitano iliyopita, yupo aliyekosa malipo akiwa na maendeleo mazuri? Majira ya joto wanalipwa nini? Idara yenye majibu mazuri huyatoa haraka.

Soma pia masharti ya kuendelea nayo. Wastani wa 3.0 kati ya 4.0 ni wa kawaida. Usajili wa muda wote, ambao katika vyuo vingi ni krediti 9 kwa muhula, ni wa lazima, na kuacha somo moja linalokuchosha kunaweza kukushusha chini ya kiwango hicho, posho ikasimama na viza ikaingia matatani kwa mpigo mmoja. Feloshipu nyingi zinakataza kazi nyingine yoyote bila kibali.

Ukibanwa ujibu ndani ya siku saba, kuna kinga ambayo wachache wanaijua. Baraza la vyuo vya masomo ya juu la Marekani lina azimio la 15 Aprili, lililosainiwa na vyuo vikuu vingi: mwanafunzi aliyepewa ofa yenye fedha halazimiki kujibu kabla ya tarehe hiyo. Mwandikie mkuu wa udahili wa idara kwa adabu kwamba unasubiri majibu mengine na unaomba muda mpaka 15 Aprili kwa mujibu wa azimio hilo. Azimio haligusi ofa zisizo na fedha, wala vyuo visivyosaini. Ukishakubali na baadaye ukapata pengine pazuri zaidi, jitoe kwanza kwa maandishi, ndipo ukubali ya pili. Na ofa ambazo umeshaamua huzitaki zikatae mapema. Kuna aliye kwenye orodha ya kungojea nafasi hiyo.

Mwenye bahati ya kupata pia ufadhili wa nje, wa serikali au taasisi, asidhani fedha mbili hujumlishwa. Vyuo vingi hupunguza yao kwa kadiri ya iliyoingia. Hapo omba jambo moja mahususi: mwaka wa feloshipu ya chuo uwekwe akiba, utumike mwaka wa nne au wa tano ambapo wengi huishiwa. Wengine hukubali. Mfano wa mpango uliojengwa hivyo tangu awali ni feloshipu ya utafiti ya mfuko wa taifa wa sayansi wa Marekani, feloshipu iliyoanza 1952: miaka mitatu ya malipo, inayotumika ndani ya kipindi cha miaka mitano. Hiyo, lakini, ni ya raia na wakazi wa kudumu wa Marekani tu, na haina kazi kwenye orodha ya waombaji wa nje.

Kuahirisha ni mtego mwingine. Nafasi ya kusoma mara nyingi huahirishwa kwa mwaka mmoja bila shida. Feloshipu ya mwanafunzi mpya mara nyingi haiendi nayo, kwa sababu mgao ulikuwa wa mwaka ule, na mwaka unaofuata jina lako litashindanishwa upya na wageni. Kabla ya kuomba kuahirisha, pata jibu la maandishi juu ya fedha peke yake. Viza nayo isiachiwe mwisho. Fomu I-20, hati ya chuo ya kuombea viza hiyo, hutolewa pale barua ya ufadhili, pamoja na fedha zozote zako, inapofikia makadirio ya gharama za mwaka wa kwanza, na mwenye kwenda na mwenzi au watoto huongezewa makadirio. Pengo likiwapo, litajazwa na nani? Swali hilo lijibiwe Aprili, si Julai.

Kitu kimoja kidogo huwakuta hata waliofanya yote sawasawa. Posho ya kwanza huja baada ya masomo kuanza: aliyefika katikati ya Agosti anaweza kuiona mwishoni mwa Septemba. Katikati kuna dhamana ya nyumba, kodi ya mwezi wa kwanza na pengine michango ya muhula. Iandikie ofisi ya masomo ya juu mwezi Juni uulize kama kuna malipo ya kuhamia au mkopo wa muda mfupi usio na riba kwa wanafunzi wapya. Vyuo kadhaa vinavyo na havivitangazi. Kinyume chake, yeyote anayekutaka utume pesa ili ufadhili "ufunguliwe" si chuo.

Kwa gazeti, Mhariri, ombi letu ni jepesi. Kila tangazo la ufadhili likiwa na mistari minne tu litatosha: tarehe ya ufadhili, si ya udahili peke yake, kama kuna fomu au idara ndiyo hupendekeza, ni miaka mingapi imeahidiwa kwa maandishi, na kati ya ada, michango, bima na posho, kipi hakimo. Tangazo ambalo chanzo chake hakiwezi kujaza mistari hiyo lisubiri toleo lijalo.

Ni sisi wasomaji wako,
Washauri wa waombaji wa shahada za juu